Barua ya wazi kwa halmashauri za vijiji vya Mungaa: nyumba isiuzwe kabla kabati halijafunguliwa

Kwa: Wenyeviti, Maafisa Watendaji na Wajumbe wa Halmashauri za Vijiji, Kata ya Mungaa, Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida.

YAH: UKAGUZI WA NYARAKA KABLA YA KUNUNUA NYUMBA

Anayenunua nyumba Mungaa hununua vitu viwili kwa mpigo: jengo analoliona kwa macho, na haki ya kukaa juu ya ardhi, ambayo haionekani ila kwenye karatasi na vinywani mwa watu. Jengo hukaguliwa kwa nusu saa. Bati hutazamwa kama limeshika kutu, ukuta hugongwa, choo huchunguliwa, majirani huulizwa kama kisima hukauka kiangazi. Haki juu ya ardhi ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayopuuzwa, kwa sababu karatasi zake hazikai mahali pamoja. Nyingine zimo sandukuni kwa muuzaji, nyingine kwenye kabati la ofisi ya kijiji, nyingine mahakamani, nyingine masjala ya wilaya kule Ikungi. Nyingine hazijawahi kuandikwa.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zinaitambua katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Vijiji vya Mungaa vinaongozwa na ile ya pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Chini yake, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini anavyosimamia mali ya watu wengine, na haki ya kimila ya mwanakijiji ina hadhi ile ile ya haki iliyotolewa na Serikali mjini. Wapo wanaodhani ardhi ya kijijini ni ya kupewa kwa hisani na kunyang'anywa kwa amri. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulikataa wazo hilo mwaka 1994, iliposema kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa kuwa ni mali, inauzika. Na kwa kuwa iko chini ya udhamini wa halmashauri, haiuziki kiholela. Ndiyo sababu barua hii imeelekezwa kwa halmashauri na si kwa madalali, ingawa dalali naye ana la kujibu.

Katika jimbo la Victoria nchini Australia, muuzaji wa nyumba, iwe katikati ya Melbourne au shambani, hulazimika kumkabidhi mnunuzi taarifa iliyosainiwa kabla mnunuzi hajaweka mkono kwenye mkataba. Humo huandikwa rehani zilizopo, njia za watu wengine zinazokatiza kiwanja, matumizi yanayoruhusiwa, kodi na tozo, na vibali vya ujenzi vya miaka ya karibuni. Watu wa huko huiita kwa namba ya kifungu chake, yaani kifungu cha 32 cha Sheria ya Uuzaji wa Ardhi ya mwaka 1962, na taarifa ikiwa ya uongo au pungufu mnunuzi anaweza kujitoa. Sheria za ardhi za Tanzania hazimlazimishi muuzaji kutoa waraka wa namna hiyo. Hapa mzigo wa kuuliza uko kwa mnunuzi, na Sheria ya Ardhi inamhesabu kuwa anajua yale ambayo angeyajua kama angeuliza ipasavyo. Tatizo ni kwamba majibu yake yamo kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtendaji wa kijiji.

Karatasi anazoweza kuzitoa muuzaji ni za aina chache. Iliyo na nguvu kuliko nyingine kijijini ni hatimiliki ya kimila. Hutolewa pale ambapo kijiji kina cheti chake cha ardhi, mipaka ya kipande imehakikiwa mbele ya majirani na halmashauri imeridhia. Mwenyekiti na mtendaji huisaini. Mmiliki huisaini au huweka dole gumba. Kisha afisa ardhi wa wilaya huisaini, huigonga mhuri na kuisajili. Hati iliyokosa mkono wa wilaya haijakamilika, hata ikiwa imegongwa mihuri mitatu ya kijiji. Nakala hubaki masjala, na kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kulinganisha hati ya muuzaji na ile ya masjala: namba ya hati, ukubwa, mchoro, majirani waliotajwa na, zaidi ya yote, majina. Hati ya kimila huweza kubeba jina la mtu mmoja, la mume na mke, la wake wawili na mume wao, au la ndugu kadhaa. Jina likiwa zaidi ya moja, saini moja haiuzi. Na jina la kwenye hati lisipofanana na la kwenye kitambulisho cha NIDA, jambo la kawaida kwa watu wenye jina la ubatizo, la nyumbani na la shuleni, tofauti hiyo itafutiwe kiapo kabla ya mauziano. Ikiachwa, miaka kumi baadaye mtoto wa muuzaji atasema aliyesaini si baba yake.

Karatasi ya pili, na hii ndiyo iliyozagaa, ni ile ya kuandikiana: ukurasa wa daftari au fomu iliyochapwa stesheneri, yenye majina ya pande mbili, kiasi cha fedha, mashahidi wanne na mhuri. Thamani yake ni kuonyesha kwamba watu hao walikubaliana siku hiyo. Kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza, hilo haisemi. Kwa hiyo karatasi hiyo haitoshi ikiwa peke yake. Huhitaji ile iliyoitangulia, na ile iliyotangulia hiyo, mpaka mnyororo ufike kwenye asili ya umiliki: kugawiwa na kijiji, kurithi, au kufyeka pori zamani. Kila kiungo cha mnyororo kilichokatika ni swali kwa ofisi ya kijiji.

Karatasi ya tatu, barua ya toleo, ni ya viwanja vilivyopimwa, na itaguswa mbele.

Karatasi za zamani za Mungaa zina jambo lake ambalo mgeni huweza kulitafsiri vibaya. Wilaya ya Ikungi iliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Singida. Hati au muhtasari wa kabla ya hapo wenye kichwa cha Halmashauri ya Wilaya ya Singida si wa kughushi. Wenye kutia shaka ni ule wa mwaka 2005 wenye kichwa cha Ikungi. Vijiji navyo hugawanyika, kitongoji cha jana huweza kuwa kijiji cha leo, na jalada la nyumba iliyo kijiji kipya huweza kuwa limebaki ofisi ya kijiji mama. Wenyeviti hubadilika pia, mara ya mwisho kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Saini ya mwenyekiti kwenye waraka wa mwaka 2016 inapaswa kuwa ya aliyekuwa madarakani mwaka 2016. Hili linaonekana dogo, lakini ni kipimo chepesi kuliko vyote: karatasi iliyorudishwa tarehe nyuma mara nyingi hujiumbua kwenye kichwa cha barua, mhuri na jina la kiongozi.

Swali jingine la zamani ni la Operesheni Vijiji. Katika miaka ya 1970 kaya zilihamishwa na kupangwa upya, na wapo wazee wanaokumbuka vizuri ni nani alikuwa na mji wake mahali ambapo leo pamejengwa nyumba ya mtu mwingine. Mnunuzi akiambiwa na jirani kwamba eneo hilo "kiasili ni la ukoo fulani", asipuuze wala asikimbie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imelijibu waziwazi: ugawaji wa ardhi ya kijiji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 umethibitishwa kuwa halali, hata pale taratibu za wakati ule zilipokiukwa, na haki za awali juu ya kipande kilichogawiwa zikafutika. Linalobaki ni kuthibitisha kwamba familia ya muuzaji iligawiwa kweli katika kipindi hicho. Ushahidi wake kwa kawaida ni watu, kwa hiyo maneno yao yaandikwe wangali hai.

Sasa muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Katika mauziano ya nyumba kijijini hakuna karatasi inayozidi hii kwa uzito, na hakuna inayochezewa zaidi. Sheria inamtaka mwanakijiji anayekusudia kuhamisha haki yake ya kimila aiarifu halmashauri ya kijiji kwa fomu maalumu, si chini ya siku sitini kabla ya uhamisho kuanza kufanya kazi. Halmashauri hukaa, hujadili, hukubali au hukataa. Inapaswa kujua anayenunua ni nani: awe raia, na awe mkazi wa kijiji au mtu anayekusudia kuishi au kufanya kazi hapo. Inapaswa pia kukataa uhamisho unaomfukuza mwanamke kwenye ardhi aliyo na haki ya kuikalia. Uamuzi huo huandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Mwaka 1985, kabla hata ya sheria za sasa, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijijini yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na mahakama zimeendelea kuushika msimamo huo. Maana yake kwa lugha ya sokoni ni kwamba mtu anaweza kulipa fedha zote, akapaka rangi, akaweka umeme, na bado akawa hajanunua kitu.

Pamoja na hayo, utaratibu uliozoeleka katika vijiji vingi nchini ni mwingine. Muuzaji na mnunuzi humwendea mwenyekiti nyumbani jioni. Mhuri, ambao ungepaswa kufungiwa ofisini, hutoka mfuko wa koti. Karatasi hugongwa, "cha mwenyekiti" hutolewa, watu hushikana mikono. Mahali pengine cha mwenyekiti kimepewa hata kiwango, asilimia kumi ya bei, na mnunuzi huilipa akiamini kwamba ni ada ya Serikali na kwamba kwa kuilipa ameshasajiliwa. Hakuna kifungu katika sheria za ardhi kinachompa mwenyekiti asilimia kumi. Mhuri bila kikao unathibitisha kitu kimoja: kwamba mhuri upo.

Muhtasari wa kweli hutambulika kwa vitu vya kawaida. Una tarehe na mahali pa kikao, una ajenda yenye namba, una orodha ya mahudhurio yenye saini za wajumbe wanaotimiza akidi, na una uamuzi unaotaja nyumba kwa namna isiyoweza kuchanganywa na nyingine: kitongoji, majirani wa pande nne, ukubwa kwa hatua au mita, jina la anayetoa na la anayepokea. Kisha uko kwenye jalada. Nakala aliyoishika muuzaji ni picha ya kitu. Kitu chenyewe ni kile kilicho kwenye jalada, na mnunuzi ana kila sababu ya kuomba akione. Mtendaji anayesema jalada halionekani amekwisha kumjibu mnunuzi: asilipe.

Baada ya karatasi huja watu, na hapa ndipo nyumba nyingi hupotelea. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama ni yeye peke yake aliyeijenga na jina kwenye karatasi ni lake. Ridhaa hiyo haichukuliwi kwa kudhania. Mke aliyekaa jikoni wakati wanaume wanaandikiana sebuleni hajaridhia. Aitwe, asomewe, aulizwe, asaini kwa mkono wake, na shahidi wake awe mtu anayemwamini. Mume mwenye wake wawili huleta ugumu wa ziada, kwa sababu kila mke huweza kuwa na nyumba yake, na anayesaini huweza kuwa si yule anayeishi katika nyumba inayouzwa. Ofisi ya kijiji inajua nani anaishi wapi. Mgeni kutoka Dodoma au Arusha hajui, na hana namna ya kujua asipoambiwa.

Mirathi ni ngumu zaidi. Kwa Wanyaturu, kama kwa jirani zao wengi, mji wa baba huachwa kwa watoto, na mara nyingi hukaa miaka mingi bila kugawanywa: kaka mkubwa analima, mdogo yuko Dar es Salaam, dada wameolewa Siuyu na Manyoni. Siku moja anayeishi hapo anahitaji fedha za hospitali na kuuza. Kwa sheria, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na mtoto aliye karibu zaidi na mlango. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kumpendekeza msimamizi. Haumpi mtu mamlaka ya kuuza, hata ukisainiwa na ukoo mzima. Mnunuzi aombe fomu ya uteuzi iliyotolewa na Mahakama ya Mwanzo, ambayo ni Fomu Na. IV, asome namba ya shauri, kisha aende mahakamani hapo kuuliza kama uteuzi bado unasimama na kama nyumba inayouzwa imo kwenye orodha ya mali iliyowasilishwa kwa Fomu Na. V. Saini za warithi wote wazima, wakiwemo mabinti walioolewa, si hitaji la adabu. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi imebatilishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji yenyewe, na dada aliyesahaulika leo ndiye mdai wa kesho. Dai la ardhi hudumu miaka kumi na miwili mbele ya sheria ya ukomo wa madai, muda wa kutosha kwa mdogo kustaafu na kurudi nyumbani.

Mipaka hukaguliwa kwa miguu, mchana, majirani wakiwapo. Mungaa mpaka huweza kuwa mstari wa minyaa, safu ya mkonge, jiwe kubwa au njia ya ng'ombe. Minyaa hupandwa na pia hung'olewa. Iliyopandwa juzi hujulikana kwa wembamba wake. Jirani anayekataa kuja kwenye mpaka ana neno, nalo ni bora lisikike kabla ya malipo. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara kuu au ya mkoa, kamba ipimwe kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ikawa mita 30 kila upande, kutoka mita 22.5 za awali, na Watanzania wamezoea kuisoma sheria hiyo ukutani: X nyekundu kwa jengo linalopaswa kuondoka bila fidia, X ya kijani kwa jengo ambalo sheria mpya ililikuta na mwenyewe anastahili kulipwa. Rangi mpya mbichi kwenye ukuta mmoja tu unaotazama barabara ni jambo la kuuliza. Laini kubwa za umeme nazo zina mkuza wake, na ukingo wa mto au bwawa una mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kijiji chenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kina ramani inayoonyesha makazi, mashamba, malisho na msitu. Nyumba iliyojengwa ndani ya malisho haihalalishwi na uzuri wake. Na wilayani Ikungi kuna jambo ambalo Mungaa haiwezi kulipuuza tangu mgodi wa dhahabu wa Shanta kule Mang'onyi ulipoanza uzalishaji mwaka 2023: madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri, leseni ya utafiti huweza kufunika mashamba na makazi ya watu, na mwenye nyumba hulipwa fidia kwa taratibu za sheria bila kuchagua kama dhahabu iwepo au isiwepo. Tume ya Madini ina ramani ya leseni. Anayeuza kwa haraka eneo lililokwisha kuandikwa kwa ajili ya fidia anaweza kuwa anauza usumbufu, au anaweza kuwa amedanganywa yeye na mnunuzi anayejua zaidi. Halmashauri inapaswa kuwalinda wote wawili.

Madeni huchukua aya moja tu. Hati ya kimila huwekwa rehani benki au SACCOS, na dalili yake ni hati halisi kutoonekana: "iko kwa wakili", "iko kwa shemeji", "nakala hii inatosha". Haitoshi. Mita ya LUKU huulizwa deni, kwa kuwa tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo pale inapotozwa. Chombo cha watumia maji huulizwa ankara. Na mpangaji anayeishi ndani huulizwa amelipa kodi hadi mwezi gani, na kwa nani.

Yote yaliyotangulia yanahusu ardhi ya kijiji. Maeneo ya biashara hukua, na eneo likitangazwa kuwa la mipangomiji na viwanja vikapimwa, utawala wake huhama. Mtu wa Mungaa anayenunua Singida mjini, Mandewa au Mwankoko, hukutana na utaratibu huo tayari. Hapo karatasi ni hati yenye namba ya kiwanja na kitalu, namba ya ramani ya upimaji, muda wa umiliki usiozidi miaka 99 na masharti ya matumizi. Barua ya toleo huitangulia hati. Yenyewe ni ahadi yenye masharti, na aliyeinunua bila kuuliza kama masharti yalitimizwa amenunua ahadi ya mtu mwingine. Bikoni huhesabiwa uwanjani dhidi ya ramani. Upekuzi rasmi hufanyika kwa Msajili wa Hati, nao huonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio lolote lililowekwa. Zamani upekuzi wa Singida ulimaanisha safari ya Dodoma, makao ya Kanda ya Kati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, na kisingizio cha nauli kimepungua. Kenya kazi hii kwa baadhi ya maeneo hufanyika mtandaoni kupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa mwaka 2021. Kwa haki za kimila za Mungaa, kabati la mtendaji bado ndilo mtandao.

Kabla ya malipo unabaki mlango wa mabaraza. Kila kijiji kina, au kinapaswa kuwa na, Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, limebaki na usuluhishi. Kuamua mashauri ya ardhi kumebaki kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na Mahakama Kuu. Mnunuzi huuliza sehemu zote mbili za kwanza kama nyumba hiyo imewahi kufikishwa hapo. Swali hilo huchukua dakika kumi. Kesi huchukua miaka.

Malipo hufanywa kwa benki au kwa simu, yaache alama, na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa usiolipiwa haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi. Faida ya mauzo ina kodi yake TRA, asilimia 10 kwa mkazi wa nchini, pamoja na misamaha iliyowekwa na sheria. Pande mbili zikubaliane mapema nani anabeba nini. Kuandika bei ndogo ili kukwepa kodi ni kumpa muuzaji silaha, maana mauziano yakivunjika mnunuzi atarudishiwa kile kilichoandikwa.

Halmashauri za vijiji vya Mungaa hazihitaji sheria mpya ili kulirahisisha hili. Zinaombwa kutenga siku moja ya wiki, inayojulikana, ambapo mtu yeyote anayetaka kununua nyumba anaweza kuona jalada lake mbele ya mtendaji. Zinaombwa kubandika taarifa ya kila mauzo yanayokusudiwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na kwenye kitongoji husika kwa siku zote sitini, ikitaja nyumba, muuzaji na majirani, ili dada aliye Manyoni asikie kwa watu kabla ya kusikia kwa wakili. Zinaombwa kumtaka muuzaji ajaze ukurasa mmoja na kuusaini: wanandoa wake, warithi, madeni, wapangaji, mashauri, hifadhi ya barabara au mkuza, ukurasa huo uambatanishwe na muhtasari na ubaki jaladani. Ada yoyote inayotozwa iwe na stakabadhi ya Serikali, na isiyo na stakabadhi isitozwe. Mihuri ilale ofisini.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ajenda ya mkutano ujao iwe na kipengele hiki, na majina ya wajumbe watakaokagua majalada yaliyopo yasomwe hapo hapo mbele ya wanakijiji.